Taa Kumi na Moja Nyekundu

Sehemu ya Saba

Wiki nzima mmeniulizia Mwalimu Anaeli, sokoni na hata kwa kinyozi. Yupo palepale tulipomwacha, mbele ya ubao wa Kidato cha Nne, chaki mkononi, na swali la yule binti Rukaiya linamsubiri.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungia maandazi, nakupa kwa kifupi. Anaeli anafundisha hesabu huku Old Moshi, na ndiye katibu wa kikundi cha wafugaji chenye wanachama mia mbili. Kiwanda cha maziwa kilileta malalamiko kwamba kuna mtu anatia maji. Si maji mengi, ni ya mtu mmoja tu, lakini yapo. Kikundi kikanunua kimashine cha kupimia. Kijani ni maziwa safi, nyekundu ni maji.

Siku ya kwanza ya kupima, taa ya mjane Yuditha ikawaka nyekundu. Anaeli akasimama mbele ya wanachama wote akasema, "Mashine hii inapatia mara tisini na tano kwa mia. Kwa hiyo Mama Yuditha ametia maji kwa uhakika wa tisini na tano kwa mia. Hesabu haina undugu."

Yuditha akafukuzwa kikundini. Kwaya ya akina mama ikampumzisha. Binti yake Gladness, aliyekwisha kutangazwa ndoa kanisani mara mbili, tangazo lake la tatu, la mwisho kabla ya harusi, likasimamishwa. Ukoo wa mchumba wake Godbless ulisema hauoi kwenye nyumba ya wezi.

Sasa rudi darasani. Anaeli alikuwa anaitumia habari hiyohiyo kama mfano wa somo la uwezekano, bila kutaja jina, kifua mbele. Ndipo Rukaiya, binti wa fundi cherehani wa Moshi mjini, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na wale wasiotia maji, mashine inawakosea wangapi?"

"Watano kwa mia," Anaeli akajibu.

"Na wasiotia maji wako wangapi?"

"Mia moja tisini na tisa."

Rukaiya akapiga hesabu pembeni mwa daftari. "Basi ni kama watu kumi, Mwalimu. Watu kumi wasio na kosa watawakiwa nyekundu. Ukijumlisha na mwizi mwenyewe, ni kumi na mmoja."

Anaeli akaandika ubaoni: kumi, jumlisha moja. Mkono ukaanza kupunguza mwendo.

"Sasa ukimkamata mmoja tu katika hao," Rukaiya akaendelea, maana watoto wa siku hizi hawajui kukuhurumia, "uwezekano wa kuwa umemkamata mwizi ni mmoja kwa kumi na moja. Hata kumi kwa mia haufiki."

Halafu sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Khaa! Sasa huyo mama waliyemfukuza?"

Wakacheka. Wao hawakujua huyo mama ni nani. Anaeli alijua, na masikio yakamwaka moto mbele ya watoto arobaini.

Kosa lake lilikuwa hili, na naomba ulielewe vizuri kwa sababu hata mimi ningeingia mkenge. Aliyeuza mashine alisema kati ya maziwa mia yaliyo safi, mashine itakosea matano. Anaeli akasikia kwamba kati ya taa mia nyekundu, tano tu ndizo za uongo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na anayelipwa mshahara kuyatofautisha ni yeye.

Lakini si hilo lililomfanya aweke chaki chini na kutoka darasani kabla kengele haijagonga.

Alikuwa amekumbuka kwamba asubuhi ile ya kupima taa haikuwaka nyekundu mara moja tu. Iliwaka mara kumi na moja.

*

Hilo sikuwaambia wiki zote hizi. Msinilaumu, hata Anaeli mwenyewe alikuwa amejisahaulisha.

Wa kwanza kabisa kupimwa asubuhi ile alikuwa Esther. Ndiyo, Esther mkewe. Taa ikawaka nyekundu pwaa! Anaeli akacheka kidogo, akasema, "Mashine haijapata moto hii. Lete tena." Esther akamimina tena. Kijani.

Baada ya hapo angemnyima nani? Mwenyekiti, Mzee Elisifa, akapata nyekundu. Akarudiwa, kijani. Mzee wa kanisa naye vilevile. Shemeji wa Anaeli naye vilevile. Watu kumi waliwakiwa nyekundu, na wote kumi Anaeli aliwaambia lete tena, na wote wakapita.

Yuditha anakaa juu kabisa, karibu na msitu. Alifika wa mwisho, anahema, keni la maziwa kichwani. Taa ikawaka nyekundu. Na gari la maziwa lilikuwa limeshawashwa, dereva anapiga honi.

Anaeli hakurudia.

Hakuwa na chuki naye. Ilikuwa honi tu. Nimejaribu kumtetea nimeshindwa, maana hata yeye, alipokuwa akishuka kutoka shuleni siku hiyo na madaftari kwapani, alikuwa akijisemea kwa sauti, "Honi, Anaeli. Honi tu."

*

Alimkuta Esther nyuma ya banda, anakatakata mgomba wa ng'ombe kwa panga.

"Nimemwonea Mama Gladness," Anaeli akasema, hata salamu hakutoa.

Panga likasimama hewani. "Nani kasema?"

"Hesabu imesema. Jumapili baada ya ibada naitisha wanachama. Nitawaeleza taa zote kumi na moja."

"Zote?"

"Zote. Na majina."

Esther akaliweka panga chini polepole. "Baba Jesse, jambo limeshalala hilo. Unaliamsha la nini? Watu watakucheka. Mwalimu wa hesabu kakosa hesabu!"

"Wacha wacheke."

"Na jina langu utalitaja?"

"Lako ndilo la kwanza. Kwani una wasiwasi gani? Kwako mashine ilikosea tu."

Esther akaokota panga, akaendelea kukata. Alikata vipande vikubwa mno, ambavyo hakuna ng'ombe angevitafuna, na hakuinua uso. Anaeli alidhani mkewe anamwonea yeye aibu. Akaingia ndani.

*

Jumamosi asubuhi Anaeli akachuma jani moja la isale kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba la migomba alilorithi.

Mchagga akikuletea isale kuomba msamaha, hata kama alikuchomea nyumba, hulikatai. Mababu walilichukulia hivyo na wajukuu tunalichukulia hivyo, pamoja na simu zetu za kupangusa. Anaeli alilifunika kwa koti asionekane nalo njiani. Mtu anayeficha isale yake kwenye koti, wewe mwenyewe pima aibu aliyonayo.

Yuditha alikuwa uani, anamnywesha ndama maziwa kwenye beseni. Ndama alikuwa amenenepa kupita kiasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Anaeli. Karibu. Shangaa tu, ndama wangu anakunywa kama mtoto wa mangi mtawala. Nifanye nini? Kikundi hakipokei. Jirani nikimpelekea kikombe cha bure anasema ahsante, ameshakunywa chai." Akamfuta ndama mdomo kwa kanga. "Maziwa yangu hayatakiwi hata bure."

Kitu kimoja hamjakijua kuhusu hawa wawili. Mwaka ambao mama yake Anaeli alilazwa miezi mingi, mtoto Anaeli alikuwa darasa la tatu, na kila asubuhi akipita hapa kwenda shule, Yuditha alimsimamisha getini akamnywesha kikombe cha maziwa. Kila asubuhi, mwaka mzima.

Yuditha akaingia ndani, akarudi na kikombe kilekile cha bati. Akakijaza.

"Kunywa. Useme kama yana maji."

Anaeli akanywa. Yalikuwa mazito, yenye utamu wa nyasi za juu. Yalimshuka taratibu, na machozi yakamtoka kabla kikombe hakijaisha. Akalitoa jani kwenye koti, akapiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya kazini.

"Nilikosea hesabu, mama. Na wengine nilirudia, wewe sikukurudia. Nisamehe."

Yuditha alilitazama lile jani.

"Kulikataa siwezi, unajua hivyo. Ndiyo maana umelileta asubuhi hii, hakuna mtu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulinifukuza mbele ya watu mia mbili, Anaeli. Sasa unanirudisha mbele ya kuku?"

Anaeli akainamisha kichwa.

"Mwanangu Gladness analala na nguo ya harusi chini ya godoro, anadhani sijui. Jumatatu wazee wa Godbless wanakuja kuuvunja uchumba. Jani lako niliweke wapi mimi, kwenye chungu? Kesho nenda nalo mkutanoni, uwanja wa kanisa. Mzee Aikaeli, mjomba wake Godbless, atakuwepo. Na mimi nitakuja na maziwa yangu. Unipime kama ulivyowapima wenzangu."

Akamrudishia jani mkononi, akarudi kwa ndama wake.

*

Jumapili baada ya ibada, mnada wa ndizi na mayai ya sadaka ulipokwisha, wanachama wakabaki kwenye uwanja wa kanisa. Anaeli akaweka meza, mashine juu ya meza, na jani la isale kando ya mashine. Watu walipoliona jani wakaanza kugusana viwiko.

Yuditha akakaa nyuma kabisa na Gladness, keni miguuni. Mbele alikaa Mzee Aikaeli, kofia magotini, uso wa mtu aliyekuja kumaliza jambo.

Anaeli akamwaga maharage mezani. Usiku hakuwa amelala vizuri, aliyahesabu mia mbili kamili.

"Haya ndiyo sisi," akasema. "Huyu mmoja mweusi ndiye anayetia maji. Waliobaki wote, hawa wekundu, ni wasafi. Mashine inawakosea wasafi watano katika kila mia." Akayavuta maharage kumi mekundu pembeni, akaongeza lile jeusi. "Hawa kumi na mmoja ndio watakaowakiwa nyekundu. Nikifumba macho nikachukua mmoja, mnadhani nimemshika mwizi?"

Bibi mmoja akacheka. "Utashika maharage ya watu yasiyo na kosa!"

"Ndivyo nilivyofanya. Niliwaambia tisini na tano kwa mia. Haikufika hata kumi. Mimi, mwalimu wenu wa hesabu." Akakunjua karatasi ya majina. "Na asubuhi ile taa nyekundu zilikuwa kumi na moja. Kumi nilizirudia. Wa kwanza alikuwa mke wangu."

Akayasoma majina yote kumi. Kila jina lilipotajwa mtu mmoja aliangalia viatu vyake. Nakwambia uwanja ule ulikuwa umejaa watu wanaosoma viatu.

Gladness akamshika mama yake mkono. Mambo yalikuwa yanageuka, kila mtu aliona. Hata Mzee Aikaeli alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali.

Ndipo mwenyekiti, Mzee Elisifa, akainuka na fimbo yake.

"Mwalimu, ahsante kwa maharage. Nina swali dogo. Sisi kumi uliturudia?"

"Niliwarudia, mzee."

"Tukapita?"

"Mlipita."

"Sasa katika hao kumi na mmoja amebaki nani ambaye hajapita?"

Watu wakageuka kumtazama Yuditha.

"Na jingine," Mzee Elisifa akasema. "Tangu Yuditha aondoke, kiwanda kimelalamika tena?"

"Hapana."

"Basi hesabu yako nzuri sana. Imezunguka mlima mzima ikarudi kwa Yuditha."

Uwanja ukavuma. Anaeli akayatazama maharage yake, akaona mzee amesema kweli. Alikuja kumtoa mama huyu shimoni, na kwa mikono yake mwenyewe ameongeza udongo. Usiku kucha alihesabu maharage, na hili hakuliona.

Mzee Aikaeli akachukua kofia yake magotini. Gladness akajifunika uso kwa mtandio.

"Subirini!"

Ilikuwa sauti ya Esther.

Alikuwa amesimama katikati ya wanawake, mikono imeshikilia kanga kama vile upepo utamvua. Hakumtazama mumewe.

"Mashine haikukosea kwangu," akasema.

"Esther, kaa chini," Anaeli akanong'ona.

"Sikai. Nilikuwa na madumu mawili, la jioni na la asubuhi. La jioni ndilo nililokupa kwanza. Likawaka nyekundu. Uliposema lete tena, nikakumiminia la asubuhi. Hukuangalia. Ulikuwa unacheka na watu."

Akawageukia wanawake wenzake.

"Ng'ombe wetu aliumwa kiwele mwezi ule. Nikaona aibu. Mke wa katibu nifike na nusu dumu, wenzangu wanione? Nikatia vikombe viwili vya maji. Kesho yake vitatu. Ile taa ilipowaka nyekundu niliogopa, sikurudia tena. Ndiyo maana kiwanda kimenyamaza. Si kwa sababu mama huyu ameondoka." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Nimemwona akipita peke yake wiki sita. Nikawa nazungukia njia ya mgombani nisikutane naye. Wiki sita!"

Anaeli alitaka ardhi ipasuke. Lile harage jeusi alilokuwa analionyesha kwa kidole tangu mkutano uanze lilikuwa linalala kitandani kwake. Alikuwa amemhukumu mama aliyemnywesha maziwa, akamlinda mwizi bila kujua, kwa sababu ya honi na kwa sababu ya kucheka na watu. Katika maisha yake hakuwahi kuona aibu ya namna ile, na naomba asiione tena.

Esther akatembea hadi mezani, akanyoosha mkono. "Nipe hilo jani, mume wangu. Ni langu mimi."

Kabla Anaeli hajaligusa, Yuditha akainuka kule nyuma. Akajifunga kanga kiunoni, akalibeba keni lake, akaja mbele. Watu walimpisha. Akaliweka keni mezani, juu ya maharage.

"Jani litangoja," akasema. "Pima kwanza."

"Mama, haina haja tena. Umesikia alichosema."

"Nimesikia. Wiki sita nimeitwa mwizi kwa taa. Nataka nitoke kwa taa. Pima."

Anaeli akachota maziwa, akamimina kwenye mashine. Katika uwanja ule mzima ni yeye peke yake aliyekuwa anaogopa, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekumbuka kwamba maziwa safi kama yale bado yana nafasi tano kwa mia za kuwasha nyekundu. Ni nafasi ndogo. Mtu mwenye akili haiogopi nafasi ndogo hivyo.

Akabonyeza.

Nyekundu.

Mtu mmoja akapiga yowe. Anaeli akakimbilia kitufe, mdomoni tayari lile neno alilowapa watu kumi na kumnyima mmoja.

"Narudia! Mama, narudia, mashine haija..."

Yuditha akaifunika mashine kwa kiganja chake.

"Usirudie."

Akamgeukia Mzee Aikaeli, ambaye sasa alikuwa amesimama wima.

"Mzee, shikamoo. Hesabu umeiona, na Esther umemsikia. Na taa hiyo umeiona, nyekundu kabisa. Huyu akirudia ikawa kijani, utakuwa umeiamini mashine. Mimi mwanangu haolewi na ukoo wa mashine. Niambie sasa, kabla hajarudia. Kesho mnakuja kuvunja, au mnakuja kuomba tangazo la tatu?"

Gladness alikuwa ameuondoa mtandio usoni. Esther bado amenyoosha mkono hewani, amesahau kuurudisha.

Mzee Aikaeli akaitazama ile taa. Akayatazama maziwa ndani ya keni, akamtazama mwalimu aliyekuwa analia kama mtoto wa darasa la tatu. Kisha akavaa kofia yake, akaanza kutembea.

Lakini hakuelekea getini. Alielekea alipokaa Gladness.